Picha za Sabaki zinapoiangusha laptopu: uliza kwanza imeangukia wapi

Mvua zikishika bara, mto Sabaki hushuka na tope lake jekundu na bahari ya Malindi hubadilika rangi. Kaskazi ikivuma, tope husukumwa kusini kuelekea mjini na kwenye hifadhi ya bahari iliyotengwa tangu 1968. Kusi ikivuma, huenda upande wa Mambrui na Ngomeni. Setilaiti za Sentinel-2 hupiga picha za haya yote kila baada ya siku 5 hivi, mawingu yakiruhusu, na picha zenyewe ni za bure. Kinachogharimu ni kuzichambua kwenye laptopu ya gigabaiti 8 ambayo tayari ina kivinjari kilichofunguliwa madirisha ishirini.

Ukilalamika kwamba mashine inakufa, ushauri wa kwanza utakaopewa ni kuongeza RAM. Mara chache ndiyo dawa. Skripti ya Python inayopoteza memori itamaliza gigabaiti 32 kama ilivyomaliza 8, itachelewa tu kidogo. Swali la maana ni kazi imekufa wakati gani: kwenye picha ya kwanza kabisa, katikati ya safari, ulipoongeza vibarua wa kazi sambamba (nakala za skripti zinazofanya kazi kwa pamoja), au wakati wa kuandika jibu kwenye diski? Kila wakati una mkosaji wake, na hawafanani.

Kwanza piga hesabu

Usiangalie ukubwa wa faili kwenye diski. Faili limebanwa, na memori haijui kubanwa. Picha moja ya Sentinel-2 kwa bendi (matabaka ya rangi za mwanga) za mita 10 ina pikseli 10,980 kwa 10,980, yaani zaidi ya milioni 120. Kila pikseli ni baiti 2, kwa hiyo bendi moja ni megabaiti 241 ikishafunguliwa. Ukiigeuza kuwa `float64`, yaani namba za desimali za biti 64, kila pikseli inakuwa baiti 8 na bendi hiyo hiyo inafika megabaiti 964. Chukua bendi nne za mita 10 kwa mtindo huo, umeshamaliza karibu gigabaiti 3.9 na hesabu yenyewe hujaianza.

Picha za droni zinadanganya zaidi. JPEG ya pikseli 5,472 kwa 3,648 inaweza kuwa megabaiti 8 kwenye kadi, lakini ikifunguliwa ni megabaiti 60, na ikigeuzwa `float64` inakaribia 480. Aliyepiga picha 500 za mikoko na kuzipakia zote kwa mkupuo anaomba gigabaiti 30, hata kama folda yake inasema 4.

Halafu jiulize kama unaihitaji picha nzima. Picha moja ya Sentinel-2 inafunika eneo la karibu kilomita 110 kwa 110, na wewe unataka mlango wa Sabaki, mji, na bahari kidogo. Kata mraba wa kilomita 30 kwa 30: pikseli milioni 9, megabaiti 18 kwa bendi badala ya 241. Mwaka mzima wa picha, takriban 73, unaingia kwenye gigabaiti 1.3 kwa bendi moja. Matatizo mengi ninayoletewa huishia hapa, na mwenye mashine hurudi nyumbani bila kubadili mstari mwingine wowote. Ukatie wakati wa kusoma, kwa kutaja dirisha unalotaka. Ukisoma picha yote ndipo ukate, kilele cha memori umeshakipita.

Dalili: `MemoryError` kwenye picha ya kwanza

Huu ndio ugonjwa mwepesi, kwa sababu Python yenyewe inakusomea shitaka. Ujumbe wa NumPy, maktaba ya Python ya hesabu za safu, utakuwa kama huu:

`Unable to allocate 920. MiB for an array with shape (10980, 10980) and data type float64`

Soma neno la mwisho. Kama limeandikwa `float64` na wewe hukuiomba, kuna mahali hesabu imegeuza aina ya namba kimyakimya. Kugawanya namba kamili kwenye NumPy kunaweza kutoa `float64`, na kazi nyingi za scikit-image, maktaba ya kuchakata picha, hufanya hivyo pia zikipewa namba kamili. Geuza wewe mwenyewe mapema kwa `.astype("float32")`, kwa mwangaza wa maji au majani usahihi wake unatosha, na umeokoa nusu.

Angalia pia mistari mirefu ya hesabu. Ukiandika `(a - b) / (a + b)`, mashine inajenga jibu la kutoa, jibu la kujumlisha, kisha la kugawanya, na kwa muda mfupi yote yako hai pamoja na `a` na `b`. Zinaweza kufika picha tano kwa mpigo. Tumia `np.subtract(a, b, out=c)` na wenzake ili jibu liandikiwe mahali palipokwisha kutengwa.

Ukikuta inagoma karibu na gigabaiti 2 ilhali mashine ina memori tele, angalia kama umesakinisha Python ya biti 32. Bado zipo, hasa kwenye laptopu za mitumba.

Dalili: inakufa kimya, au inaandika `Killed` tu

Hapa Python haikupata hata nafasi ya kulia. Kwenye Linux, keneli (kiini cha mfumo) ikiishiwa memori huchagua programu moja na kuiua. Thibitisha kwa `dmesg | grep -i "killed process"`. Ukiwa ndani ya Docker, programu inayoendesha kazi ndani ya kontena lenye mipaka yake, kama wanavyofanya wengi wanaounganisha picha za droni kwa OpenDroneMap, utaona namba 137, ambayo ni 128 kujumlisha 9, na 9 ndiyo ishara ya kuua. Huenda mashine yenyewe ina memori ya kutosha lakini Docker imepewa sehemu ndogo. Kwenye Mac hiyo huwekwa kwenye mipangilio yake, na kwenye Windows inayotumia WSL 2 huwekwa kwenye faili la `.wslconfig`. Ukishaipandisha na bado inauawa, OpenDroneMap ina `--split`, inayoigawa kazi katika makundi madogo ya picha na kuyaunganisha mwishoni.

Ukipima memori iliyobaki kwa `free -h`, soma safu ya `available`, siyo `free`. Linux hutumia memori isiyo na kazi kuhifadhi mafaili yaliyosomwa karibuni, na huiachia ikihitajika. Nimeona watu wakifunga programu zao zote kwa hofu ya `free` ndogo ambayo haina madhara yoyote.

Dalili: inaanza vizuri, kisha inanenepa picha hadi picha

Huu ndio ugonjwa unaokula usiku wa watu. Picha ya kwanza inapita, ya kumi inapita, ya thelathini inaanguka. Kubahatisha hakusaidii, weka kipimo ndani ya mzunguko:

```
import psutil
print(jina, round(psutil.Process().memory_info().rss / 1e6))
```

Sasa tazama inaongezeka kwa kiasi gani kila picha, kwa sababu namba yenyewe hukutajia mwizi. Ikipanda kwa 241 kila mara, kuna kitu kinaishikilia bendi ghafi. Ikipanda kwa 964, kinachobaki ni nakala ya `float64`. Ikipanda kwa megabaiti chache tu, mara nyingi ni michoro ya matplotlib ambayo haijafungwa: `plt.close(fig)` baada ya kuhifadhi kila mmoja, wala usipuuze onyo linalotokea michoro ikizidi 20. Na ikipanda mwanzoni kisha ikatulia, usihangaike. Programu hujiwekea nafasi na kuitumia tena.

Mwizi wa 241 anajificha kwa ujanja. Tuseme kwenye kila picha unakata kipande kidogo cha mlangoni mwa mto na kukiweka kwenye orodha:

```
kipande = picha[0:256, 0:256]
vipande.append(kipande)
```

Kipande ni kilobaiti 131. Ungetarajia vipande 30 viwe chini ya megabaiti 4. Lakini kwa NumPy kipande hicho ni dirisha tu la kutazamia picha ya asili, na maadamu dirisha lipo, picha yote haiwezi kuachiliwa. Vipande 30 vinashikilia gigabaiti 7.2. Andika `picha[0:256, 0:256].copy()` na ugonjwa umekwisha. Ukitaka uhakika, uliza `kipande.base is None`. Jibu likiwa `False`, kuna mzigo mkubwa nyuma yake.

Jupyter, daftari la kuandikia na kuendesha Python kwa seli, nayo ina tabia yake. Seli inayoishia kwa jina la picha peke yake huihifadhi kwenye historia ya majibu, na `del picha` haitaitoa humo. Malizia mstari kwa nukta mkato, au safisha kwa `%reset -f out`. Kwa kazi ya usiku kucha, mimi naona heri uitoe Jupyter kabisa na uandike skripti ya kawaida.

Dalili: haifi, lakini mashine yote inaganda

Kipanya kinakwenda kwa kusitasita, taa ya diski haizimi. Memori imejaa na mfumo umeanza kuhamishia mizigo kwenye diski na kuirudisha. Endesha `vmstat 1` na utazame safu za `si` na `so`. Zikiwa na namba kubwa mfululizo, ndiyo hiyo. Kuongeza eneo la akiba kwenye diski (swap) kutazuia kifo lakini hakutaleta mwendo, na kwa diski ya kuzunguka ya zamani utangoja mpaka uchoke.

Zikiwa sifuri na bado kazi inajikokota, memori haina kosa. Katika miezi ya joto la kaskazi, laptopu iliyowekwa juu ya kitanda huko Malindi hupunguza mwendo yenyewe ili isiungue. Weka mezani, weka feni, upime tena.

Kuna chanzo cha tatu ambacho hufichwa na faili lenyewe. TIFF nyingi zimepangwa kwa mistari inayokwenda upana wote wa picha. Ukiomba dirisha la 512 kwa 512, programu inalazimika kufungua mistari yote inayopita hapo, na sehemu kubwa ya ilichofungua inaitupa. Ipange upya mara moja kwa vipande vya mraba ukitumia GDAL, zana za kushughulikia picha za ramani:

`gdal_translate -co TILED=YES -co COMPRESS=DEFLATE -co BIGTIFF=IF_SAFER zamani.tif mpya.tif`

Baada ya hapo soma kwa mpangilio wa faili lenyewe:

```
with rasterio.open("mpya.tif") as chanzo:
    for _, dirisha in chanzo.block_windows(1):
        kipande = chanzo.read(1, window=dirisha)
```

Dalili: kibarua mmoja anaweza, wanane wanaanguka

Memori haigawanywi kwa vibarua, inazidishwa. Pima kilele cha picha moja kwa `/usr/bin/time -v python skripti.py` na usome `Maximum resident set size`, iliyoandikwa kwa kilobaiti. Toa gigabaiti 2 za tahadhari kutoka kwenye `available`, gawanya kwa kilele hicho, na hiyo ndiyo idadi ya vibarua wako, hata kama prosesa ina viini (cores) nane. Jibu likiwa 2, ni 2.

Mpe kibarua njia ya faili, usimpe picha. Ukimtumia picha, inanakiliwa ili isafirishwe, kisha inanakiliwa tena ikifika. Naye akimaliza aandike jibu kwenye diski na akurudishie jina tu.

Na GDAL ina akiba yake ya kusomea, kwa kawaida asilimia 5 ya RAM kwa kila mchakato. Vibarua wanane wanaweza kufika asilimia 40 kabla hujaanza kuhesabu picha zako. Weka `GDAL_CACHEMAX=128`, yaani megabaiti 128, kisha endelea.

Dalili: haifi wala haigandi, lakini ramani ni ya uongo

Hapa pana hatari kuliko pote, kwa sababu hakuna ujumbe wa kosa, na mara nyingi husababishwa na juhudi za kubana memori. Umesikia `float64` ni nzito, ukaamua kubaki na `uint16`, namba kamili za biti 16 ambazo picha huja nazo, mwanzo hadi mwisho. Sasa unataka kipimo cha tope: bendi nyekundu kutoa kijani, kugawanya kwa jumla yake. Kwenye maji yenye udongo, nyekundu ni kubwa, jibu ni chanya. Kwenye maji safi ya nje ya miamba, kijani ni kubwa na jibu linapaswa kuwa hasi. Lakini `uint16` haina hasi. 300 kutoa 500 inakupa 65,336. Gawanya kwa 800, umepata 81.67 kwenye kipimo ambacho hakitakiwi kuvuka 1. Ukichora ramani kwa rangi zinazojipanga zenyewe, bahari safi ya samawati itaonekana imejaa tope kuliko mlango wa Sabaki.

Mtego wa pili uko palepale. Tangu Januari 25, 2022, picha mpya za Sentinel-2 zina nyongeza ya 1,000 kwenye kila pikseli, na mtumiaji ndiye anayetakiwa kuitoa. Maji ni meusi kwa setilaiti, kwa hiyo zipo pikseli zilizo chini ya 1,000. Ukizitoa 1,000 zikiwa bado `uint16`, zinaruka hadi karibu 65,000. Pembe tupu za picha zenye sifuri zinageuka 64,536, na wastani wako unaharibika hata kama eneo lenyewe ni sawa. Hifadhi kwa `uint16`, ndiyo, lakini geuza `float32` kabla ya alama yoyote ya kutoa, na uzibe sifuri, zisihesabiwe, kabla ya kugusa ile 1,000.

Baada ya kila ramani chapisha ndogo kabisa na kubwa kabisa. Kipimo hiki kikizidi 1 au kikipungua chini ya -1, usiendelee.

Dalili: picha iliyounganishwa ina gridi ya mistari

Ulichakata vipande kila kimoja peke yake, na kichujio kilipofika ukingoni hakikuwa na majirani. Soma kila kipande na pambizo, chuja, kisha kata pambizo kabla ya kuandika. Kwa kichujio cha Gauss cha SciPy, upana wa pambizo ni sigma mara nne: sigma 10 inataka pikseli 40 kila upande.

Dalili: picha moja inapita, mwaka mzima haupiti

Inategemea unataka nini. Wastani hauhitaji picha zote kwa pamoja: shika safu ya jumla na safu ya idadi ya pikseli zisizo na wingu, ongeza kila picha ikipita, gawanya mwishoni. Kwa mraba wetu wa kilomita 30 hizo ni kama megabaiti 90, hata picha ziwe elfu.

Namba ya kati haikubali njia hiyo, na kwa bahari hii yenye mawingu ndiyo unayoitaka, kwa sababu wingu lililoponyoka haliivuti. Igeuze kazi: badala ya kupita picha kwa picha, pita kipande kwa kipande, na kwa kila kipande soma tarehe zote. Kipande cha 512 kwa 512 kwa tarehe 73 katika `float32` ni megabaiti 77 tu. Dask na xarray, maktaba za Python za safu kubwa, hufanya jambo hilo hilo, mradi usigawanye vipande kwa tarehe moja moja. Gawanya kwa mahali na uache wakati ukiwa mzima.

Zinazofanana na tatizo la memori lakini siyo

Pillow, maktaba ya Python ya kufungua picha, ikikataa mosaiki ya droni (picha nyingi zilizounganishwa kuwa moja) kwa `DecompressionBombError`, hiyo ni kinga dhidi ya mafaili ya hila, inayochapa onyo juu ya pikseli milioni 89 na kugoma ikifika mara mbili yake. Kama faili ni lako, weka `Image.MAX_IMAGE_PIXELS = None`, ukishapiga hesabu ya baiti.

Kazi ikienda vizuri saa nzima kisha ikafia kwenye kuandika kwa `Maximum TIFF file size exceeded`, umegonga mpaka wa gigabaiti 4 wa TIFF ya kawaida. Ongeza `BIGTIFF=YES`.

Wanaotumia Fiji, programu ya kuchambua picha, kwa picha za hadubini: ingiza mfululizo kama virtual stack, utafungua kipande kimoja kwa wakati. Ujue tu kwamba mabadiliko unayoyafanya hupotea ukisogea kipande kingine usipoyahifadhi.

Na ikiwa umeme hukatika kwenu, usihesabu faili lililopo kuwa faili lililokamilika. Andika kila jibu kwa jina la muda, kisha `os.replace` kwenda jina lake halisi likishafungwa. Skripti ikianza tena iruke tu yale yenye majina halisi.